Kipande Changu Kilichozikwa Natta

Ukishakatwa kinyama cha kupimwa saratani, kabla hujashuka kitandani, muulize aliyekikata: kinakwenda wapi, kitatunzwa na nani, na siku nikikihitaji nimuulize nani? Usiogope kuitwa mjuaji. Mimi naitwa mjuaji tangu darasa la nne na bado niko hai. Maswali hayo niliyauliza yote, nimelala chali na pamba kifuani, nikajibiwa, "Usijali, dada." Ninaandika haya kwa sababu ya hilo "usijali." Nywele zangu zimeota, nimerudi kazini, chakula kina ladha tena, na hasira bado ninayo. Wanaoniambia niiache ili nipone vizuri hawajawahi kunionyesha ni wapi hasira ilionekana kwenye hadubini.

Naitwa Wegesa. Kwetu ni Natta, wilaya ya Serengeti, ila nimepanga chumba Nkende, Tarime mjini, na kila asubuhi naenda Sirari mpakani, kwa wakala wa forodha aliyeniajiri nilipomaliza shahada ya ununuzi na ugavi. Kazi yangu ni kujua mzigo uko wapi. Dereva wa Kenya anasukuma mlango wa ofisi: "Madam, hiyo mzigo yangu imekwama wapi? Nitalala hapa mpaka lini?" Na mimi lazima nimjibu: uko kwa fulani, unasubiri kitu fulani, ukichelewa mpigie huyu. Nikimwambia "usijali" atanivunjia meza. Vitunguu, viatu vya mitumba, kila kitu kina mtu wa kuulizwa. Kumbuka hilo, maana nilikuja kugundua kwamba gunia la vitunguu linalovuka Sirari lina heshima kuliko kipande cha titi langu.

Uvimbe niliugusa nikioga, masika, matope ya Nkende yakiwa yamejaa hadi mlangoni. Muuguzi wa kwanza niliyemwendea aliubonyeza kwa kidole kimoja, kama anayejaribu parachichi sokoni.

"Hayo ni maziwa."

"Sijawahi kuzaa."

"Basi ni homoni. Ukiolewa litatulia."

"Na nisipoolewa?"

Alinitazama kana kwamba nimemtukana mama yake. "Dada, umekuja kutibiwa au kuhojiana?"

Nilikuwa nimekuja kwa yote mawili. Nilirudi tena na tena, hadi mvua zikaisha na mahindi yakaanza kukauka shambani, ndipo nikampata daktari ambaye alipogusa alinyamaza. Ule ukimya wake ndio ulikuwa jibu la kwanza la kweli nililopewa. Alisema atakata kinyama, kisha akauliza, "Una mwanaume wa kusimama na wewe? Baba, kaka?"

Nikamwambia ni mtu mzima, nina kazi, nina akili. Akasema hakatai, lakini hospitali haina gari la kupeleka vichupa Mwanza, anayepeleka ni ndugu wa mgonjwa, na mimi kwa malaria iliyokuwa imenishika wiki ile singeweza kusafiri. Hapo ndipo baba yangu alipoingia katika habari hii.

Sisi kwetu baba tunamwita Tata. Ni mkulima na mfugaji, ana ng'ombe wachache na ugomvi usioisha na tembo wanaotoka porini kuvuna asichowapandia. Hapendi mji. Alikuja Tarime na koti lake la ibada, akakabidhiwa kichupa chenye dawa na kinyama kidogo kinachoelea ndani, rangi ya samaki aliyechemshwa. Alikishika kwa mikono miwili. Hakuna aliyemweleza ni nini kitatokea kwake huko kinakokwenda. Mama aliniambia baadaye kwamba kwenye basi kondakta alitaka kukiweka chini pamoja na mizigo, Tata akakataa, akakipakata njia nzima. Abiria aliyeketi karibu naye akauliza, "Mzee, umebeba nini hapo?"

"Mwanangu," akajibu.

Yule abiria akahama kiti.

Jibu lilipotoka, lilikuwa saratani. Sitaeleza siku ile. Kila aliyepewa jibu hilo ana siku yake na haifanani na yangu. Nitasema tu kwamba nilirudi chumbani nikafua nguo zote, hata zilizokuwa safi.

Ile maabara ya Mwanza sitaitaja jina. Ni jengo moja linalopokea vinyama kutoka hospitali nyingi, kwa kuwa wataalamu wa kuvisoma ni wachache na mashine ni ghali. Humo humo, nyuma ya mlango wa kioo, kuna mradi wa utafiti wa saratani wenye mashine mpya na kiyoyozi. Wanaiita maabara ya pamoja. Nilipoombwa kwamba kinyama changu kitumike pia kwenye utafiti, nilikubali, na leo nikiombwa nitakubali tena. Sina ugomvi na utafiti. Ugomvi wangu utauona.

Kinyama kikifika pale, hukaushwa na kugandishwa ndani ya nta, na kuwa kidonge cha mraba ndani ya kikasha kidogo cha plastiki. Kutoka kwenye nta hiyo wanakata utando mwembamba, wanauweka kwenye kioo na kuusoma. Jibu langu la kwanza lilipatikana hivyo. Lakini kulikuwa na jibu la pili lililotakiwa, la kupakwa rangi maalumu, linaloonyesha saratani yako inalishwa na nini, na kwa hiyo ni dawa gani itaizuia isirudi. Hilo nililifuata mwenyewe, nikiwa tayari nimehamia Mwanza kuanza matibabu, katika hospitali iliyounganishwa na maabara hiyo kwa korido. Dirishani alikaa kijana mwenye spika moja sikioni.

"Mashine ile haiwashwi kwa mtu mmoja, dada," alisema. "Dawa zake zikifunguliwa zinatakiwa zitumike zote. Tunasubiri sampuli za utafiti zijae, halafu na nyinyi tunawachomeka."

"Zitajaa lini?"

"Zikijaa."

"Mimi dereva wa lori nikimjibu hivyo ananipiga."

"Ndiyo maana hapa dirisha lina vyuma," akasema, akacheka, na benchi zima nyuma yangu likacheka naye. Nami nilicheka. Nilipofika nje nikapiga teke ndoo ya mtu.

Daktari wangu akasema tusisubiri, tuanze dripu za dawa ya saratani, hilo jibu litatukuta njiani. Kiangazi chote nikakihesabu kwa dripu. Ya kwanza ilinikuta nikiwa na kiburi, nimebeba kitabu. Baada ya ya pili nywele zilibaki kwenye mto, zikiwa zimelala vilevile zilivyokuwa kichwani. Kufikia ya tatu kucha zilikuwa nyeusi, maji yalikuwa na ladha ya msumari, na harufu ya vitunguu, ile niliyokuwa siisikii tena Sirari kwa mazoea, ilinitapisha hata ikipita mtaa wa pili. Mwili wangu ukawa wa kizee. Nilipanda ngazi nikishika ukuta. Vijana walioketi mlangoni waliniamkia shikamoo, na mimi nikaitika marahaba, kwa nini nijisumbue.

Mama alikuja kuniuguza. Alipika uji wa ulezi mwepesi, akasimama juu yangu hadi nimalize. Lakini Natta aliaga kwamba anakwenda kunitembelea masomoni.

"Masomo gani, Mama? Nilishamaliza chuo."

"Nimewaambia umerudi kuongeza."

"Kwa nini usiseme naumwa?"

"Wakijua ni saratani watakuja kukuaga." Akaifunga sufuria kwa nguvu. "Sitaki mtu aje kumuaga mwanangu nikiwa bado nampikia."

Tuligombana juu ya hilo mara nyingi. Sikuwa nimeona kwamba hiyo ndiyo ilikuwa hasira yake, kwamba yangu sikuirithi kwa jirani.

Kitanda cha pembeni alikuwa Mama Zuhura, mfanyabiashara wa vitenge wa Mugumu. Alikuja na mkeka wake wa kuswalia, chupa ya chai ya tangawizi, na mdomo usiopumzika. Aliniona nimevaa wigi niliyoinunua, nyeusi, yenye kung'aa, inayowasha kama upupu.

"Mwanangu, hilo ni wigi au kuku amekufa?"

"Mama Zuhura, niache."

"Nikuachaje na mimi nalala karibu nalo? Likiamka je?" Akavua mtandio wake, kichwa chake kikang'aa kama bakuli. "Tazama. Mume wangu anasema sasa anaijua sura yangu yote. Anasema alikuwa ameoa nusu."

Alinigawia tangawizi mbichi ya kutafuna wakati dripu inaingia. Sijui kama ina msaada kitabibu. Najua kwamba kwa miezi ile yote mkono uliokuwa ukinyooshwa kuelekea kwangu bila sindano ulikuwa ni wake.

Baada ya dripu moja damu yangu ilishuka vibaya, nikaingiwa na homa, nikapoteza siku ambazo hadi leo sizikumbuki. Mama alimwita Tata. Ninachokumbuka ni koti la ibada miguuni pa kitanda, na sauti ya daktari ikisema neno "jiandaeni." Kisha homa ikashuka, nikafumbua macho, Tata akawa amesharudi Natta. Mama akasema amewahi mifugo. Nikaamini, maana ni kawaida yake kukimbilia ng'ombe.

Wakati mvua za vuli zinaanza nilifanyiwa upasuaji. Titi likaondolewa. Kile kilichotolewa kilipopimwa, daktari aliniita akiwa na uso ambao sikuwahi kuuona kwake.

"Hatukuona saratani," alisema. "Dripu ziliimaliza. Kila tulipokata, hakuna."

Mama alikaa chini sakafuni. Mimi, kama kawaida yangu, nikauliza, "Sasa mnajuaje dawa ya kuizuia isirudi?"

"Hapo ndipo penye shida kidogo. Rangi maalumu zinapakwa kwenye saratani yenyewe, na kwako haipo tena. Lakini kipo kile kinyama cha mwanzo, kwenye nta. Kalete jibu lake, tukupe dawa. Tukikosa jibu tutakuwa tunabahatisha, na dawa ya kubahatisha utaimeza kwa miaka."

Elewa basi nilipokuwa nimesimama. Saratani yangu ilikuwa imefutika duniani, isipokuwa kipande kimoja, kidogo kuliko ukucha, ndani ya nta. Na maisha yangu yaliyobaki yalikuwa yanakisubiri kipande hicho kiseme.

Nilikwenda dirishani, mkono wa upande uliokatwa ukiwa hauinuki. Yule kijana akaingia ndani, akakaa sana, akatoka amevua ile spika ya sikioni.

"Dada, chako hakipo."

"Kimekwenda wapi?"

"Kilichukuliwa na ndugu. Mzee mmoja mrefu, mwenye koti. Alisema ni baba yako, tukahakikisha, kweli ni baba yako."

"Mkampa?"

"Wagonjwa wanaohamia hospitali nyingine huwa tunawapa, wanapeleka wenyewe. Alisema anakipeleka. Watu wa utafiti walikuwa wameshakata vya kwao, na rafu zenyewe unaziona zilivyojaa."

"Mlimuuliza anakipeleka wapi?"

Akaanza kupekua daftari lake. Nikauliza kama walimwambia kwamba bado nakihitaji. Akasema walidhani tunajua. Nikamwambia mimi vitunguu vikitoka ghalani namwuliza mwenye navyo anavipeleka wapi, anatumia njia gani, nani atavipokea. Vitunguu! Akasema, "Pole, dada." Pole yake ilikuwa ya kweli, nadhani, na haikunifaa kitu.

Nilimpigia Tata nikiwa bado kwenye ngazi za jengo lile. Nilisikia kengele za ng'ombe nyuma yake.

"Tata, kile kipande ulichochukua maabara kiko wapi?"

"Kiko salama, mama." Huniita mama anapokuwa na furaha na mimi. "Nilikizika."

Nilikaa chini. Mtu alinipita akisema samahani.

"Umekizika wapi?"

"Kwa bibi yako. Pembeni yake, upande wa kichwani. Nimeweka mawe, usiwe na wasiwasi."

Tulifika Natta mimi na Mama siku ya unyevunyevu yenye mawingu, nyasi zimeanza kuchipua. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno makali. Unapaswa kujua kwamba Tata hakufanya kioja. Mjomba wangu alipokatwa mguu baada ya ajali ya pikipiki, hospitali iliwapa mguu, wakauleta nyumbani, wakauzika, wala hakuna aliyeshangaa. Kwetu kitu cha mwili wa mtu hakiachwi kwenye rafu ya wageni. Tata alikuwa ameuliza dirishani, "Kile cha mwanangu kiko wapi?" na kwa mara ya kwanza katika safari ile nzima ya ugonjwa, mtu akampa alichokiomba.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba. Nikamwamkia, akaitika. Nikamwambia tunakwenda kukifukua.

"Haiwezekani."

"Tata, bila hicho hawajui dawa gani wanipe."

"Wakate kingine."

"Hakuna kingine! Kimeisha mwilini. Kilichobaki ni hicho ulichokizika."

"Basi Mungu ashukuriwe, kimeisha. Unakitafuta cha nini?" Akasimama. "Wegesa, unataka nifukue kaburi la mwanangu?"

"Mwanao ni mimi! Nimesimama hapa!"

Nilipiga kelele hadi mbwa akaondoka uani. Nikamwambia amesikiliza dirisha na hakunisikiliza mimi, kwamba walimwita kwa kuwa ni mwanaume, wakampa kwa kuwa ni mwanaume, na hakuna hata mmoja kati yao wote aliyevuka korido kuja kuniuliza mwenye mwili. Nikasema mengine ambayo sitayaandika. Alinisikiliza yote akiwa ameshika fimbo yake.

"Korido niliivuka," akasema hatimaye. "Nilitoka kwako. Ulikuwa huongei. Macho yako yalikuwa wazi na hukunijua. Daktari akasema tujiandae. Nikajua gari la kukuleta hadi hapa sitalipata, watakuzika huko huko Mwanza, kwenye ardhi ya watu. Nikasema angalau hiki kiwe nyumbani. Hiki nitaweza kukibeba."

Mama alikuwa akilia bila sauti. Mimi sikulia. Nilikuwa nimeishiwa na mtu wa kumkasirikia pale uani, na hasira ilikuwa bado nzima, haina mahali pa kukaa. Nikainama nikachukua sururu.

"Wewe mkono huo huinui kitu," Tata akasema, akaninyang'anya.

Alichimba mwenyewe. Natta fisi hufukua chochote kilichozikwa juu juu, kwa hiyo alikuwa amekwenda chini kama anayezika mtu mzima, akapanga mawe, akashindilia. Jasho likamlowesha. Alifika kwenye kopo la maziwa ya unga, kifuniko kimezungushiwa mpira wa baiskeli. Ndani ya kopo kulikuwa na kipande cha khanga ya Mama, na ndani ya khanga kikasha cha plastiki, na ndani ya kikasha nta, nyeupe, kavu, na doa la kijivu katikati. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipoonana na saratani yangu. Nilitegemea kuiogopa. Ilifanana na kitu ulichokipangusa mezani.

Nilipokifunga kwenye begi, Tata akabaki amesimama kwenye ukingo, hatoki.

"Shimo haliwezi kubaki tupu," akasema. "Limechimbwa kwa jina lako. Haliachwi hivyo."

"Nikakate mgomba uzikwe badala yake?" Mama akauliza.

Mimi nikashika kichwa, nikavua wigi, nikaitupa shimoni. Ilianguka kifudifudi, imetawanya nywele, na kweli ilikuwa kuku aliyekufa, Mama Zuhura hakukosea. Mama alijiziba mdomo kwa khanga. Tata aliitazama muda mrefu, kisha akaanza kurudishia udongo, mabega yake yakitikisika. Hadi leo hakubali kwamba alikuwa anacheka.

Maabara walikataa kukipokea. Yule kijana alisema kikishatoka mikononi mwao hawawezi kuthibitisha kimepitia wapi. Nikamwambia naweza kuthibitisha mimi: kimetoka kwenu, kimekwenda kwa bibi yangu, kimerudi, na aliyekitoa bila kuuliza ni wewe, hivyo niitie mkubwa wako au nitangaze hadithi hii hapa kwenye benchi. Benchi likanyoosha shingo kusikiliza. Mkubwa akatoka, daktari, mama wa makamo mwenye miwani. Alikisafisha kikasha kwa pamba, akasoma namba, akakiinua kwenye mwanga.

"Kimetunzwa vizuri kushinda huku kwetu," alisema polepole. Halafu akakunja uso. "Ila kimekatwa sana. Kimebaki chembamba."

"Nani alikikata?"

"Wenzetu wa utafiti. Ulikubali."

"Nilikubali. Walikikata watafute nini?"

Alikawia, na mimi kukawia kwa mtu nakujua, ndiko kunakonilipa mshahara. Nikauliza tena: "Daktari, walikipaka rangi zile zile ninazozisubiri?"

"Ndiyo, lakini majibu ya utafiti hayatoki kwenda kwa wagonjwa. Kule hakuna majina, kuna namba."

"Namba umeisoma sasa hivi."

"Utaratibu, dada..."

"Kwa hiyo jibu langu lilikuwa nyuma ya mlango ule wa kioo. Miezi yote. Nimekaa kwenye benchi hili, kichwa wazi, natapika kwenye mfuko, mnaniambia sampuli hazijajaa, na jibu liko pale ndani linapigwa kiyoyozi?"

Nyuma yangu mzee mmoja, aliyekuwa ameshika bahasha ya hospitali, alisimama taratibu.

"Na la mke wangu je?" akauliza. "Naye alikubali."

"Na langu?" akasema dada mwingine.

Hawakupiga kelele. Walisimama tu, mmoja baada ya mwingine, hadi benchi likawa tupu, na kijana wa dirishani akarudi nyuma ingawa dirisha lake lina vyuma.

Sitakudanganya kwamba utaratibu ulibadilika siku ile. Yule daktari alitukaribisha ndani kwa zamu, akasema ataomba ruhusa ya wakubwa wa mradi, na baadhi ya watu walipata majibu yao na wengine bado wanaombewa ruhusa ninapoandika. Changu alikipaka rangi upya yeye mwenyewe, kutoka kile chembamba kilichobaki, bila kusubiri kitu kijae. Iliwezekana. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote: iliwezekana. Jibu likasema saratani yangu ililishwa na homoni, na dawa yake ni kidonge kidogo cheupe, ninachokimeza kila asubuhi kabla ya kwenda Sirari, na nitakimeza kwa miaka. Kinanipa joto la ghafla na maumivu ya viungo. Mama Zuhura anameza hicho hicho. Hunipigia kutoka Mugumu kuniuliza kama na mimi nimeungua leo, na tunatukana pamoja, yeye kwa adabu, mimi bila.

Kile kipande walitaka kukirudisha kwenye rafu. Nikakataa. Kiko chumbani kwangu Nkende, ndani ya kopo lile lile la maziwa, na kifuniko bado kina mpira wa baiskeli. Saratani ikirudi, au dawa mpya ikija, kitahitajika tena, na atakayekihitaji atakuja kuuliza kwangu.

Tata hajafurahi. Kila akipiga simu anamaliza habari za ng'ombe, habari za tembo, kisha anashusha sauti, na najua kinachokuja.

"Kile kitu bado unacho humo ndani?"

"Ninacho, Tata."

"Na hutaki tukirudishe kwa bibi yako, kipumzike?"

"Bado, Tata," namwambia. "Bado ninakitumia."